Masahihisho ya Alois Mahona

Alois Mahona aliwatambua watu kwa sauti za mioyo yao upesi kuliko kwa nyuso. Mtu angeingia katika zahanati ya wafanyakazi pale Tabora, jirani na stesheni, akasalimu, akaketi kwenye benchi, na Alois asikumbuke kabisa kama wamewahi kuonana. Lakini akishamwekea kifuani kile kipimo cha kusikilizia, ambacho watu wa mjini walikiita mpira, alisikiliza, kisha akasema, "Wewe ulikuja mwaka ule mvua ilipong'oa reli." Na kweli mtu huyo alikuwa amekuja mwaka huo.

Alizaliwa Ntalikwa, katika nyumba ya katekista Modest Mahona. Majirani zao wote walikuwa na baba au babu aliyekwenda pwani na pembe za ndovu begani, siku zile misafara ilipokuwa ikitoka Unyanyembe kwenda Bagamoyo na kurudi. Nyumba ya katekista haikuwa na mtu wa namna hiyo. Ilikuwa na kengele, rozari na vitabu vitatu, na watoto walilelewa kujua kwamba hakuna Mahona aliyewahi kubeba mzigo wa mtu mwingine. Wapagazi wakongwe walipoketi jioni kusimulia safari zao na kutaniana, watoto wa katekista waliitwa ndani kusali. Alois alikua na fahari hiyo, na haikumwingia akilini kwamba siku moja ingemgharimu.

Alisoma seminari ya Kipalapala miaka minne. Wapo waliosema baadaye kwamba alifukuzwa. Hakufukuzwa. Baba yake alifariki, mama akabaki na watoto wadogo wanne, na Alois akaenda mwenyewe kwa gambera, mkuu wa seminari, kuomba ruhusa ya kuondoka. Alitoka na barua ya sifa njema, na barua hiyo ipo mpaka leo katika sanduku la bati la familia. Kutoka hapo alikwenda Dar es Salaam kujifunza kazi ya uganga, akarudi Tabora mwaka wa 1936, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye koti jeupe na Kilatini ambacho hakuwa na mtu wa kusema naye.

Katika zahanati alimkuta Daktari Merrick, Mwingereza mrefu mwenye haya, ambaye mjini walimwita Bwana Meriki. Huyu alikuwa na swali moja lililomsumbua. Karibu na stesheni palikuwa na ghala kubwa la ngozi, nta na karanga, na waliopakia mabehewa walikuwa watu wazima, wengi wao wapagazi wa zamani wa njia ya pwani au wa vita vya Wajerumani. Zamani mpagazi alibeba frasila mbili, yaani ratili sabini. Ghalani, gunia la karanga lilizidi frasila tano, na lilibebwa mgongoni kwa mtu mmoja. Watu hawa walikuja zahanati wamevimba miguu, pumzi fupi. Daktari alitaka kujua kama ni mizigo iliyoiharibu mioyo yao, au ni uzee tu.

Basi wakaanza. Alois alipewa watu hamsini na wanane wa ghala. Kila mtu alikuwa na ukurasa wake katika daftari: jina, umri wa kukisia, miaka aliyobeba mizigo, kisha moyo. Alikigonga kifua kwa vidole, taratibu, mpaka sauti ilipobadilika, akaweka alama kwa chaki pale moyo unapoishia, akapima kwa utepe wa fundi cherehani. Halafu alisikiliza. Kiingereza hakikumtosha kueleza alichosikia, kwa hiyo aliandika kwa Kiswahili. Ukurasa wa mpagazi aitwaye Mabruki ulisema hivi: "Unafagia mara mbili, unapumzika, kisha unadondosha." Ndivyo ulivyokuwa, kama mwanamke anayefagia uwanja huku mtungi unavuja kando yake. Daktari Merrick alicheka aliposomewa, kisha akatafsiri neno kwa neno.

Upande wa pili walihitaji watu wa kulinganisha nao, wazee wa rika hilo hilo walioweka mizigo chini na kurudi kulima. Kazi hiyo alipewa Kasimiri, dresa mwenzake, mganga msaidizi kama yeye, aliyezunguka vijijini kwa baiskeli, kuanzia Ntalikwa hadi mipaka ya Nzega. Alirudi na hadithi za kuchekesha za wanawake waliomwona na kile kitambaa cha kupimia damu kinachofungwa mkononi, wakawaficha watoto wakidhani ni mumiani.

Mwaka wa 1938 makala ya kwanza ilichapwa katika jarida la waganga. Ilikuwa na jina la Daktari Merrick peke yake. Mwishoni, kwa herufi ndogo, alishukuriwa msaidizi mwenyeji mwenye bidii. Alois alilileta jarida nyumbani kumwonyesha mkewe, Apolinaria, mwalimu aliyesomeshwa na masista, ambaye walioana mwaka uliotangulia.

"Jina lako liko wapi?" aliuliza Apolinaria.

Alois akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho. "Hapa."

"Hapa hakuna jina."

"Lakini nipo," akasema.

Vita vilipokuja Daktari Merrick alichukuliwa jeshini, na kazi ikabaki kwa Alois. Hakuna aliyemwambia aendelee, na hakuna aliyemwambia aache. Kila baada ya miezi sita alikwenda ghalani na daftari lake kuuliza habari za watu wake: nani yupo, nani anaumwa, nani hayupo. Alisimama mlangoni, koti limepigwa pasi, penseli mkononi. Hakuwahi kuketi nao. Wapagazi walimwamkia kwa heshima na kumjibu, na alipogeuka kuondoka alisikia vicheko nyuma yake. Alizoea. Waganga wa Kizungu hawakumkaribisha mezani kwao, na watu wa ghala hawakumkaribisha kwenye magunia yao, naye alifikiri ndivyo ilivyo kazi ya kupima watu.

Mnyapara wa ghala alikuwa Yahaya, mtu mfupi mwenye kofia iliyofumwa, mtani wa kila mtu. Siku moja ya mwaka wa 1943 Alois alimuuliza habari za Mabruki.

Yahaya alivua kofia. "Mabruki tumemzika, Bwana Dresa."

"Lini?"

"Mfungo ulipokwisha. Tulichinja na mbuzi."

"Alikuwa anaumwa nini?"

"Mgongo," akasema Yahaya, na wapagazi waliokuwa nyuma yake wakainamisha vichwa. Mabega yao yalitikisika. Alois alidhani wanalia, akaona aibu kuwatazama. Aliandika katika ukurasa wa Mabruki: amefariki, 1943. Akatoa pole, akaenda zake.

Daktari Merrick aliporudi, mvi zimemjaa, madaftari yalimsubiri yamepangwa. Walihesabu pamoja. Kati ya watu hamsini na wanane wa ghala, ishirini na sita walikuwa wameandikwa wafu. Kati ya wakulima sitini, wafu walikuwa saba tu. Daktari alivua miwani, akazirudia hesabu mara mbili. Kisha akasema kwamba safari hii majina yatakuwa mawili.

Makala ilitoka mwaka wa 1947: Merrick na Mahona. Kitu kama hicho hakikuwa kimeonekana Tabora. Mapadre wa Kipalapala waliomba kulisoma jarida, wakalirudisha limefungwa katika karatasi safi. Mama yake mzee kule Ntalikwa, asiyejua kusoma, aliomba aonyeshwe jina, akaligusa. Apolinaria alilifunga katika kitambaa cha meza alichokitarizi mwenyewe, akaliweka kabatini pamoja na cheti cha ndoa. Miezi michache baadaye ikaja barua kutoka makao makuu: Alois Mahona alikuwa akifikiriwa kupelekwa Kampala kwa masomo ya juu, ili arudi akiwa daktari msaidizi. Wakati huo huo afisa wa kazi alikuwa ameisoma makala ile, akaandaa amri kwamba mtu mmoja asibebeshwe zaidi ya frasila tatu. Ilibaki kutiwa sahihi.

Mwezi wa Juni, mwaka wa 1948, akaja mzee kutoka upande wa Nzega. Ilikuwa Jumatano, siku ambayo zahanati ilipokea hata wasio wafanyakazi. Alikuwa na kikohozi. Alitaja jina lake, Ngollo, mkulima, akafungua shati. Alois akaweka mpira.

Ulifagia mara mbili. Ukapumzika. Ukadondosha.

Aliuondoa mpira, akaupangusa, akauweka tena. Kisha akaenda kabatini, akaleta daftari la mwaka wa 1937, akalifungua juu ya magoti yake, karibu na mzee.

"Mzee, uliwahi kufanya kazi ghalani?"

"Miaka tisa."

"Na ghalani walikuita nani?"

Mzee alitabasamu kama mtu aliyeulizwa habari za rafiki wa zamani. "Ghalani alikuwepo Mabruki. Yule amekufa, mwanangu. Walimzika wenzake. Mbuzi mwenyewe nilimla na mimi."

Akaeleza, bila haraka, kama anavyoelezwa mgeni wa nchi. Mpagazi akienda safari yake ya kwanza alichukua jina la njiani, na jina hilo ndilo lililobeba mizigo, likapewa posho, likatukanwa na wanyapara. Nyumbani halikutajwa. Siku ya kuweka mizigo chini kabisa, wenzake wa ghala walikuwa na mchezo wao: waliliaga jina lile kwa mbuzi na pombe, wakasema wamemzika. Tangu hapo, kumwita mtu kwa jina hilo ni kumrudishia gunia mgongoni. Alishangaa kidogo kwamba bwana mkubwa mwenye mpira, naye Mnyamwezi, hakulijua jambo hilo. "Kwani wewe nyumba yenu ya wapi?" aliuliza, na Alois alimwambia. "Aa, kwa katekista," akasema mzee kwa upole, akafunga shati lake.

Mgonjwa huyo alipoondoka Alois alifungua daftari la pili, lile la wakulima, kwa mwandiko wa Kasimiri. Ukurasa wa arobaini na moja, ulioongezwa mwaka wa 1944: Ngollo, mkulima, mpagazi zamani, hajambo. Mtu mmoja alikuwa amekufa upande huu na kuishi upande ule.

Alikwenda ghalani. Yahaya alipoulizwa ni wangapi waliozikwa namna hiyo, alicheka mpaka akaketi juu ya gunia, kisha alipouona uso wa Alois akaacha kucheka. Hakukumbuka wote. Wengine walikufa kweli, Mungu awarehemu. Wengine walikula mbuzi. Alijua walikokwenda baadhi yao, wengine hakujua.

Kuanzia Julai mpaka Oktoba, kila Jumamosi baada ya kazi na kila Jumapili baada ya misa ya kwanza, Alois alipanda baiskeli kuwatafuta wafu wake. Alifuata ile njia ya zamani ya misafara, ambayo sasa ilikuwa kijia kati ya mashamba ya mtama yaliyovunwa, na kila kijiji aliuliza wazee walioacha mizigo. Hakuuliza majina. Aliomba kusikiliza. Mahali pengine walimpa kiti. Mahali pengine aliachwa asimame juani mpaka mwenye nyumba arudi. Nyumba moja, alipotaja jina la kwenye daftari, mwanamke aitwaye Zamda alimwambia kwa ukali kwamba mtu huyo hayupo na asitajwe hapo uani, na nyuma yake mumewe, aliyetafutwa, alikuwa ameketi akipukuchua mahindi. Alois aliomba radhi. Akapiga magoti mbele ya mzee, akasikiliza, akaandika, akashukuru, akaenda. Njiani hakuwa na mtu wa kumsimulia. Kasimiri alikuwa amehamishiwa Mpanda. Daktari alikuwa likizo Ulaya.

Alipomaliza, kati ya wale ishirini na sita, tisa walikuwa hai. Sita kati yao walikuwa wamehesabiwa tena upande wa wakulima. Alizipanga hesabu upya: wafu kumi na saba kwa hamsini na wanane, na saba kwa hamsini na wanne. Mizigo ilikuwa bado inaua. Lakini haikuua kama walivyosema.

Alimwambia mkewe mchana, baada ya shule. Apolinaria alikuwa mezani, rundo la madaftari ya wanafunzi mbele yake, kalamu ya wino mwekundu mkononi. Alimsikiliza mpaka mwisho. Yeye alikuwa mtu wa kupima neno, na siku hiyo alilipima lake kwa kuangalia jina la nyumba, na masomo ya Kampala, na mtoto wao Leonia aliyekuwa ameanza shule.

"Hizo ni hesabu za wazee, Baba Leonia. Nani atazihesabu tena?"

"Mimi."

"Wewe umeshazihesabu. Zifunge."

Alois alitazama daftari lililokuwa wazi mbele yake, mistari myekundu kila mahali. "Na hawa, ukiwaacha na makosa yao?"

"Hawa ni watoto," akasema Apolinaria. Wala hakuinua macho. Ni neno ambalo aliishi nalo miaka mingi, na angelipa kitu kikubwa kulirudisha.

Daktari Merrick aliporudi alimsikiliza pia. Hakuwa mtu mbaya, na haifai kumsimulia kama mtu mbaya. Alijua, kama alivyojua Alois, kwamba magunia yale yalikuwa yanawamaliza watu, na aliona amri ya frasila tatu iko karibu kutiwa sahihi. Alisema kosa lilikuwa la Kasimiri. Alois akasema Kasimiri aliandika alichoambiwa. Aliyeandika wafu ni yeye. Daktari akaenda dirishani.

"Ukipeleka barua hii," akasema, "mwenye ghala ataibandika ukutani."

"Na akigundua mwenyewe?"

"Hatagundua. Hajui jina la mtu wake hata mmoja."

"Ndiyo, Daktari. Hata sisi tulikuwa hatuyajui."

Daktari hakukasirika. Alisema tu kwamba hataweka sahihi yake, na hatamzuia. Alois aliipiga barua mwenyewe kwa mashine ya ofisi, siku ya Alhamisi, baada ya wagonjwa kwisha. Ilikuwa fupi. Ilieleza kwamba wapagazi wa Unyamwezi huwa na jina la kazi na jina la nyumbani. Kwamba wenzao husema kwa mzaha kuwa mtu aliyeacha kazi amezikwa. Kwamba mwandishi hakuijua desturi hiyo ingawa ni mwenyeji wa nchi, na kwa sababu hiyo aliwaandika watu tisa walio hai miongoni mwa wafu. Zikafuata hesabu mpya. Mwisho ilisema kwamba hata kwa hesabu hizo, waliobeba magunia walikufa zaidi ya mara mbili ya waliolima. Alitia sahihi, akaenda posta kwa miguu.

Kabla ya Krismasi ilikuja barua kwamba nafasi ya Kampala amepewa mwingine. Mwezi wa Januari ikaja nyingine: alihamishiwa zahanati ya Choma, huko Igunga. Amri ya mizigo iliwekwa kando ichunguzwe upya. Mjini wakasema Alois Mahona alipika hesabu, akakamatwa, akafukuzwa. Wapo wanaosema hivyo mpaka leo, na wengine walikula harusini kwake. Si kweli. Hakuna aliyemkamata. Hakuna aliyejua kosa hilo mpaka alipolisema yeye.

Siku ya kuondoka alipita mbele ya ghala na sanduku lake la bati, akamkuta Yahaya mlangoni.

"Shikamoo, Mzee Yahaya."

"Marahaba." Yahaya alilitazama sanduku. "Umetufufua, Bwana Dresa. Umetufufua pamoja na mizigo yetu."

Alois alisubiri kama kuna kicheko kinachofuata. Hakikufuata. Aliliinua sanduku, akaliweka begani, na akaenda nalo mwenyewe mpaka kwenye lori.

Choma ni mbuga na ng'ombe. Zahanati ilikuwa vyumba viwili vya udongo, mbele yake uwanja mweupe kwa jua, na upande wa nyuma chumba cha Alois: kitanda, meza, msalaba, madaftari. Apolinaria alibaki Tabora kwa sababu ya kazi yake na shule ya Leonia. Ndivyo walivyokubaliana, au ndivyo walivyoacha bila kukubaliana. Waliandikiana kila baada ya wiki mbili. Barua zake zilikuwa za adabu na za habari: mvua, afya, mtoto amefaulu. Za Alois zilikuwa fupi zaidi. Hakulalamika hata mara moja.

Wafugaji wa huko walikuja na watoto wenye homa na vijana waliochomwa na pembe za ng'ombe. Alois aliwatibu, kisha, hata kama ugonjwa ulikuwa wa mguu, aliwasikiliza mioyo. Minza, mama aliyechota maji ya zahanati, aliyezoea kumtania kwamba anawasikiliza watu kama anayetega sikio kwa jirani, alimuuliza siku moja kwa nini anakawia hivyo kwenye kifua cha mtu mwenye kidonda.

"Nasikiliza kama namjua," akasema.

"Na unamjua?"

"Hapana."

Hakumjua hata mmoja. Mioyo ya Choma ilikuwa ya watu walioishi na ng'ombe, mikubwa kwa midogo ilidunda kawaida, na hakuna iliyomwambia ulikuja mwaka fulani.

Jarida lenye barua yake lilimfikia huko, mwezi wa Agosti 1949, katika gari la posta, likiwa limepigwa mihuri mitatu kwa kumtafuta. Barua ilichapwa ukurasa wa nyuma, chini ya tangazo la dawa ya kikohozi. Walikuwa wameipunguza ikabaki mistari kumi na mmoja. Juu yake waliandika Masahihisho, na chini yake: A. Mahona, Tabora. Aliisoma amesimama uwanjani. Minza alisema baadaye kwamba alidhani ni barua ya msiba, kwa namna alivyoikunja.

Amri ya mizigo ilitoka mwaka wa 1951, frasila nne badala ya tatu. Katika maelezo yake mlitajwa hesabu za ghala la Tabora, zile za baadaye, za kumi na saba kwa hamsini na wanane. Jina la aliyezisahihisha halikutajwa. Yahaya hakumwandikia, wala hakuna aliyetegemea kwamba angeandika. Mzee Ngollo alifariki mwaka huo huo, safari hii kweli, na mwanawe alituma habari Choma. Alois alifungua daftari la 1937, akaliangalia lile neno alilokuwa amelikata kwa mstari mmoja, amefariki, akaliandika tena pembeni yake, na mwaka mpya.

Mwaka wa 1955 ofisi ya wilaya iliwagawia waganga wote wasaidizi fomu ya kujaza. Iliuliza kuzaliwa, ndoa, vyeti, vituo vya kazi. Mwishoni iliuliza maandishi yaliyochapwa, ikaacha mistari mitano. Alois alijaza sehemu zote, na katika mstari wa kwanza wa ile mitano aliandika: Masahihisho, 1949. Baada ya mwezi karani akairudisha na kipande cha karatasi kilichobanwa juu yake. Alisema jalada linaonyesha makala ya 1947, yenye jina lake, katika jarida la heshima; je, Bwana Mahona amesahau?

Alois alijibu kwenye karatasi ile ile, chini ya mwandiko wa karani.

"Sijasahau. Ile ni ya wawili, na ina wafu walio hai ndani yake. Hii ndiyo yangu."

Alifariki kwa kichomi mwaka wa 1958, wakati wa masika, kabla mkewe hajapata gari la kumfikisha Choma. Minza ndiye aliyekuwa naye. Vitu vyake vilirudi Tabora katika sanduku la bati: koti moja, msalaba, madaftari sita, mpira wa kusikilizia, na nakala ya fomu ile. Apolinaria alikitoa kabatini kitambaa alichokitarizi, akalitoa jarida la 1947 lililokuwa ndani yake miaka kumi na mmoja, akaifunga fomu badala yake. Mistari minne ya chini ni mitupu. Alois alikuwa na mwandiko mdogo, na angeweza kuijaza.